Farasi Aliyelelewa na Ng'ombe

Siku ya kugawa mali ya baba, wazee wa ukoo walikaa mbele ya nyumba yake kule Sirisia kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani, wakamaliza habari ya ng'ombe kabla chai haijapoa. Ndugu zangu wanne kila mmoja alijua fungu lake. Mbuzi wakafuata, kisha mabati yaliyosalia, kisha baiskeli. Halafu wakatazamana, kwa sababu kilichobaki kilikuwa nyuma ya jiko kikitafuna shati la mtu kwenye kamba ya nguo, nacho kilikuwa farasi.

"Na hii falasi," akasema baba mdogo, aliyekuwa akiongoza kikao, "tunaiweka upande gani?"

Mzee mmoja akauliza kama farasi anaweza kupelekwa mahari. Mwingine akamjibu kwamba tangu azaliwe hajaona baba mkwe akipokea farasi, na yeye mwenyewe akiletewa atajua anatukanwa. Wa tatu, ambaye matanga yote aliyamaliza karibu na sufuria, akataka kujua kama nyama yake inalika.

"Ati inalika?" akasema baba mdogo. "Si sisi ni Wakristo, bana?"

Sijui Biblia iliingiaje hapo, lakini watu walitikisa vichwa kukubali.

Kaka yangu mkubwa alikuwa na mpango wake. Webuye, karibu na mto Nzoia, kulikuwa na mtu aliyebeba mchanga kwa mikokoteni ya punda, na punda mmoja alikuwa amemfia. Mtu huyo angemchukua farasi hata kesho. Mimi niliwahi kuwaona punda wake nikipita. Migongo yao ilikuwa vidonda vitupu, na nzi walikuwa wamehamia humo. Nikasimama. Kwetu msichana hasimami kwenye kikao kama kile isipokuwa analeta chai, na mimi nilikuwa msichana wa miaka arobaini mwenye watoto sekondari.

"Mnipe mimi," nikasema.

"Msichana halithi," baba mdogo akanijibu, tena kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwamba jiko ni moto.

"Si mmesema siyo mahari, na siyo nyama? Basi siyo mali. Kama siyo mali, mnaninyima kwa sheria gani?"

Wakacheka, na wazee wa kwetu wakishacheka, kesi imekwisha. Ndivyo nilivyopata urithi.

Baba alikuwa saisi. Maisha yake yote ya kazi alitunza farasi kwenye shamba moja nje ya Kitale, mali ya mama mmoja ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri. Mwaka ambao baba alistaafu, farasi jike mmoja pale shambani alikufa akizaa. Mtoto akabaki hai, miguu mirefu, hana mama. Mwenye shamba akamwambia baba kwamba huyo haishi wiki, lakini akimtaka amchukue. Baba akamfunga kwa blanketi, akapanda naye nyuma ya lori, akaja naye Sirisia akimnyonyesha maziwa ya ng'ombe kwa chupa ya soda. Hakufa. Alikua katikati ya ng'ombe wetu, akatoka nao asubuhi na kurudi nao jioni. Baba alimpanda siku za soko akiwa amevaa koti la suti, mgongo umenyooka, nao watoto wakimfuata nyuma utadhani ni bwana harusi. Mama yetu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Kwa hiyo waliobaki kwenye boma lile walikuwa baba, ng'ombe wake, na farasi aliyejiona ng'ombe.

Sasa ng'ombe walipogawanywa, kila kaka alivuta wake kwenda kwake. Farasi alibaki peke yake. Siku mbili nilizongoja lori alisimama kwenye lango la boma tupu, akilia kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, na majani niliyomkatia hakuyagusa. Mimi nilikuwa nimemlilia baba vizuri tu, machozi yakakauka kama inavyopaswa. Lakini nilipomwona yule mnyama langoni, nililia upya.

Nilikuwa fundi wa cherehani Tuwan, pale Kitale. Ulikuwa mwaka ule shule za msingi zilipofunguliwa kwa watoto wote bila karo, na kaptula na sketi za shule tulizishona mpaka vidole vikaota sugu. Nyumba yangu ya kupanga haikuwa na nafasi ya kuku, sembuse farasi. Mahali pekee nilipopajua ni pale alipozaliwa. Nikampeleka moja kwa moja, nikashuka kwenye lori nikiwa na kamba mkononi na vumbi la mahindi kichwani.

Mwenye shamba alikuwa amezeeka lakini macho yake yalikuwa yale yale. Alimzunguka farasi, akamtazama meno, akamtazama kwato.

"Huyu ndiye yule wa blanketi?"

"Ndiye, Mama."

"Baba yako alikuwa mtu mkaidi." Akampiga farasi kofi dogo la shingo. "Sikiza, msichana wa saisi. Mimi niko na farasi tano, na zinajuana. Jumamosi watoto wa watu wanakuja kuzipanda. Sitaki farasi iko na kidonda, na sitaki vita hapa. Nitakupatia mpaka hii mvua iishe. Wakimkubali, atakaa. Wakimkataa, utamtoa, na usikuje kunililia."

Nikasema sawa. Nilikuwa najua vizuri akitolewa anaenda wapi, maana kaka alikuwa ameshaniambia kwa simu: "Dada, yule mtu wa mchanga bado anauliza."

Wale watano walikuwa na mkubwa wao, jike la kijivu, zee kidogo, lenye kiuno kipana. Halikuwa refu kuliko wengine wala halikuwa na nguvu kuwapita. Lakini likitembea kwenda majini, wote wanakwenda majini, na likisimama kwenye kivuli, wengine wanaomba nafasi. Niliwahi kuwa na mama mkwe wa namna hiyo, kwa hiyo nililielewa haraka. Walikuwepo pia wekundu wawili walioshikana kama mapacha, mweusi mmoja mwenye maringo, na farasi mfupi mzee ambaye kila mtu alimsukuma na hakumjibu mtu.

Tulimweka farasi wetu kwenye uwanja wa jirani, ua wa mbao ukiwa katikati, ili wanuse kwanza. Saisi wa sasa, bwana mmoja wa makamo kutoka upande wa Mlima Elgon, alisema ndivyo wanavyofanya kila mara. Walikuja mbio wote watano, pua mbele, mikia juu. Wakapiga kelele, jike la kijivu likapiga mbao kwa mguu wa mbele. Farasi wetu akawaangalia kidogo. Halafu ng'ombe wa maziwa wa Mama wakapita nyuma yake wakienda kukamuliwa, naye akawageuzia wenzake makalio, akaruka kijito kilichokuwa mpaka wa upande ule, akaunga foleni ya ng'ombe. Tulimkuta ndani ya banda la kukamulia, amesimama kwenye nafasi yake, anangojea pumba.

Saisi alicheka mpaka akashika ukuta. "Dada, huyu wako si farasi. Huyu ni ng'ombe amekosa pembe."

Nilicheka naye, lakini moyoni nilikasirika. Si vizuri mtu kumcheka mtoto wako, hata kama ni kweli.

Na ilikuwa kweli. Nilipoanza kuja kila asubuhi kabla ya kufungua cherehani, nikaona tatizo lenyewe. Farasi husema kwa masikio. Jike la kijivu likiyalaza nyuma kidogo, maana yake ni sogea. Likiyabana kabisa shingoni, maana yake ni usipoondoka nitakuuma. Wengine walielewa hata kwa mbali, wakapisha bila kugombana. Wa kwetu alilelewa na viumbe ambao masikio yao ni ya kufukuzia nzi. Alitazama masikio ya jike lile kama mimi ninavyotazama gazeti la Kichina. Akaendelea kusogea, akaning'iniza kichwa juu ya ua ili akunwe. Meno yakamfikia shavuni, naye akashtuka kweli kweli, kama mtu aliyepigwa kofi bila kuambiwa kosa. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu mamaye alikuwa amekufa siku ile ile aliyomzaa.

Basi nikajiona mwerevu. Kwetu watu wakikosana, au mgeni akiwa bado mgeni, haiongelewi sana. Jogoo anachinjwa, ugali unawekwa katikati, na wote wananawa na kula sahani moja. Mkono uliomega ugali pamoja na wako hauwezi kukupiga kesho. Nilimweleza saisi, akakubali mara moja, maana hata kwao wanapatanishwa hivyo hivyo. Tukangoja siku Mama ameenda mjini. Tukachukua lile hori refu la ng'ombe, tukachanganya pumba na molasesi, nyingi, sherehe yenyewe, tukaliweka katikati ya uwanja wa wale watano. Nikafungua lango, nikamwingiza wangu. Hata nilisali kidogo.

Walikuja wote. Kwa muda mfupi kabisa nilikuwa na furaha: vichwa sita juu ya hori moja. Halafu mweusi akamuuma mwekundu, mwekundu akamgonga mwenzake, yule mfupi akafukuzwa kabla hajalamba. Wa kwetu, aliyezoea kula bega kwa bega na ng'ombe, akaenda moja kwa moja kusimama karibu na jike la kijivu na kulisukuma kwa kichwa, kama ng'ombe anavyomsukuma mwenzake ampe nafasi. Masikio yalibanwa. Hakuyaona. Jike likageuka, likainua miguu yote miwili ya nyuma, na sauti ya lile teke niliisikia tumboni mwangu mwenyewe.

Gari la Mama liliingia tukiwa bado tunawafukuza farasi mmoja mmoja kwa ndoo tupu. Wa kwetu alikuwa kwenye kona, paja limepasuka, damu inashuka mpaka kwenye kwato. Mama hakupiga kelele. Alitazama hori.

"Nani ameweka chakula yote kwa hori moja?"

"Mimi," nikasema.

"Kwa nini?"

Nikamweleza habari ya jogoo na ugali. Nilipokuwa nikisema, niliona yale maneno yanavyozidi kupungua akili kila yanapotoka. Yeye alisikiliza mpaka mwisho.

"Watu wanakula pamoja ndio wapatane," akasema. "Farasi inapatana kwanza, ndio ikule pamoja. Wewe umewapatia kitu ya kupigania, halafu umewafungia ndani." Akainama akakitazama kidonda. "Haijafika kwa mfupa. Lakini nilikuambia sitaki damu."

Nilijua kitakachofuata. Nikaangalia viatu vyangu. Nilikuwa nafikiria mkokoteni, mchanga unaochuruzika maji, na shingo ile ambayo baba aliisugua kwa gunia kila jioni.

"Mvua bado haijaisha," Mama akasema hatimaye. "Muoshe na maji ya chumvi. Na ukijaribu tena mambo ya ugali, wewe na hiyo kitu yako mtatoka na mguu."

Kidonda kilipokauka, alitufundisha njia yake, akiwa amekaa kwenye kiti chini ya paa la banda na blanketi magotini. Kwanza tulimtoa yule mfupi mzee kwenye kundi, tukamweka na wa kwetu peke yao wawili. Yule mfupi hakuwa na haja ya ukubwa. Alilaza masikio akitaka nafasi, lakini akikosewa heshima hakuuma, alilaza tena. Alikuwa na subira ya mwalimu wa chekechea. Majani tuliweka mafungu mafungu, mbali mbali, na daima fungu moja zaidi ya idadi ya farasi, ili anayefukuzwa akute pengine pa kula. Ng'ombe wa maziwa tukawapitisha njia nyingine, upande wa mahindi, ili asiwaone. Hilo la ng'ombe liliniuma. Siku za kwanza aliwasikia wakilia mbali, akainua kichwa, akatembea kando ya ua kutoka mwanzo mpaka mwisho, akarudi, akatembea tena. Nilimwambia kwa sauti, kama mtu mwenye wazimu, kwamba hao si jamaa zake, na kwamba jamaa zake ndio hawa wenye roho mbaya.

Kuna asubuhi mvua ilikuwa ndogo, nimejifunika mfuko wa plastiki kichwani. Yule mfupi alikuja kwenye fungu alilokuwa akila wa kwetu. Akalaza sikio moja, kidogo tu, kama mtu anayekohoa ili asogezewe kiti. Na farasi wangu akaacha kutafuna. Akaliangalia lile sikio. Akarudi nyuma hatua, akageuza kichwa pembeni, akaenda fungu la pili.

Nilimpigia makofi. Saisi akanitazama, na mimi sikujali. Mtoto wangu wa kwanza aliposoma jina lake ubaoni sikufurahi hivyo.

Baada ya hapo tulimwongeza mmoja wa wekundu, kisha wa pili, kwa sababu hawakuachana. Kisha mweusi, ambaye aliringa, akakimbizana naye uwanja mzima, akachoka, akaanza kula. Kila aliyeingia, nilihesabu mafungu ya majani upya. Kaka alipiga simu tena kuhusu yule wa Webuye, nikamwambia farasi ana ugonjwa wa kuambukiza. Mungu atanisamehe, maana alimsamehe Rahabu, aliyewaficha wapelelezi, kwa uongo mkubwa kuliko huo.

Jike la kijivu Mama aliliweka mwisho. Mvua zilikuwa zinaelekea kukatika, mahindi yameshaanza kukauka, na watu wa Kitale wameanza kulalamikia jua badala ya matope. Mama alitoka na fimbo yake akasimama langoni. Saisi akalifungulia. Likaingia polepole, halikukimbia. Wengine wakapisha. Likamwendea wangu moja kwa moja, shingo imenyooka mbele, masikio nyuma. Nilikuwa nimeshika mbao ya ua mpaka kibanzi kikaniingia kiganjani. Yeye alisimama. Nikamwona anaelewa. Akageuza kichwa, akashusha shingo, akatembea kando bila kukimbia, akaenda kusimama nyuma ya wekundu. Jike likamfuata hatua chache, likamsogeza tena, naye akasogea tena. Likamsogeza mara ya tatu, kwa sababu wakubwa hupenda kuhakikisha. Kisha likashusha kichwa likaanza kula.

"Hiyo ni salamu," Mama akasema. "Bado si kukubaliwa. Tuone."

Akaingia ndani kunywa chai. Mimi nilipanda boda boda ya baiskeli kurudi Tuwan nikiwa sina uhakika wa lolote, nikashona mfuko wa kaptula nje ndani.

Siku chache zilipita hivyo. Hakuna teke, hakuna damu, lakini yeye alikula pembezoni, na wengine wakijikusanya alisimama umbali kidogo, kama mkwe mpya asiyejua akae wapi. Mama alikuja langoni na fimbo yake, akatazama, akarudi ndani.

Halafu asubuhi moja nilifika ukungu ungali umelala shambani. Nilihesabu farasi kwenye ukungu na nikawaona watano wamesimama. Wa sita hakuwepo. Nikasogea, ndipo nikamwona chini. Alikuwa amelala ubavu kabisa, shingo imetupwa kwenye majani, miguu minne imenyooka. Jike la kijivu lilikuwa limesimama juu yake, karibu kumkanyaga.

Sikumbuki nilivyopanda ule ua. Nakumbuka sketi ikichanika na mimi nikipiga mayowe kwamba wamemuua, wamemuua mtoto wa baba. Saisi alitoka bandani mbio akanidaka mkono.

"Dada, nyamaza. Usimwamshe."

"Amekufa."

"Hajakufa. Angalia mbavu."

Nikaangalia. Zilikuwa zinapanda na kushuka, taratibu. Mguu mmoja ukatikisika, kama anakimbia mahali.

Saisi akaniambia kwa sauti ya chini kwamba farasi husinzia akisimama, lakini usingizi wenyewe, ule wa ndoto, mpaka alale chini. Na farasi hathubutu kulala chini kama hakuna mwenzake wa kumsimamia, kwa sababu akiwa pale chini chochote kinaweza kumjia. "Huyu mkubwa amemsimamia tangu kulipopambazuka," akasema. "Mama ameona. Amesema huyu sasa ni wetu."

Kumbe Sirisia, miaka yote ile, hatukumwona farasi huyu amelala chini tangu alipoacha chupa. Usiku ukitoka nje unamkuta amesimama. Alfajiri amesimama. Baba alikuwa akijisifu nalo kwa wageni, kwamba farasi wake ni askari, halali, analinda boma la mzee. Tulimsifu na sisi. Alikuwa amechoka miaka yote hiyo, na baba alimpenda kuliko alivyotupenda baadhi yetu, na hakujua.

Niliketi kwenye majani yenye umande na sketi yangu iliyochanika. Kule Tuwan kulikuwa na mzazi anangojea sare mlangoni kwangu, na alikuwa na haki ya kukasirika. Jike la kijivu likanitazama, likalaza sikio moja. Nikasogea nyuma kidogo, tukakaa pale tukimngoja aamke.